Mkono Uliofika Amina

Foremani alikunywa chai ya rangi katika kikombe cha bati kisicho na kishikio. Kishikio kiling'oka kabla sijafika mimi, na hakuna aliyekumbuka namna kilivyong'oka. Kila asubuhi alikizungushia kitambaa alichopangusia grisi, akapuliza, akanywa, na kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kumwambia anunue kingine. Yeye alijibu kwamba kikombe hakijalalamika.

Nilimjua miaka kumi na mmoja. Sijui alizaliwa lini, wala babu yake alilima shamba lipi. Watu wa kwao Mghange, kule milimani, watakueleza hayo vizuri kuliko mimi, mtoto wa mwenye duka la vipuri mjini Voi. Ninachokijua ni yule mtu wa krasha. Ninakiandika sasa kwa sababu nimekuwa nikikisimulia vibaya, mbele ya watu, na nikapigiwa makofi.

Krasha yetu iko nje ya Voi, kwenye machimbo ya mawe. Ni mashine yenye taya mbili za chuma zinazotafuna miamba mpaka iwe kokoto. Ubavuni, kila upande, kuna gurudumu zito linalozidi kimo cha mtu, na magurudumu hayo yamebebwa na ekseli inayozunguka ndani ya beringi. Hatua mbili kutoka beringi ya kushoto kuna kabini ya mwendeshaji, yenye ngazi ya chuma na dirisha linalotazama taya. Siku yangu ya kwanza kazini kama injinia, Foremani alinisimamisha kati ya kabini na gurudumu, akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona mashine.

"Mimi naona ya kwamba beringi ikikatika, hii gurudumu haitauliza nani yuko kwa kabini," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Katika kabini ile aliketi Wakesho, mama wa watoto wawili, aliyeingia kazini kama mfagiaji wa ofisi. Foremani ndiye aliyemfundisha kuendesha. Wanaume walinung'unika mwezi mzima, wakasema mwanamke hawezi kuisikia mashine. Foremani hakubishana nao. Alimweka Wakesho kwenye kiti, akaketi nyuma yake juu ya ndoo ya grisi iliyopinduliwa, akakaa hapo kila siku mpaka manung'uniko yakaisha yenyewe.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona mahali pengine, nayo aliiita kusalimia. Zamu zilipobadilishana, anayetoka na anayeingia walisimama kwenye beringi ya kushoto, mashine ikiwa inazunguka, wakaweka viganja juu ya nyumba yake ya chuma. Foremani alisema "Kwawuka," kama anavyosalimiwa mtu yeyote asubuhi kule milimani, hata kama ilikuwa saa nane mchana. Kisha wakaanza Baba Yetu, polepole, kwa sauti ya kawaida. Chuma kikiwa na joto la kazi tu, mkono ulivumilia hadi penye mkate wa kila siku, ukaondoka hapo. Ukishindwa kuufikia mkate, zima mashine, tia grisi, chunguza. Ukishindwa hata penye ufalme wako uje, zima na uondoe watu.

"Na ukifika Amina?" nilimuuliza.

"Basi mashine imelala, ama wewe ndiye umelala."

Nilipomwambia kwamba sala hiyo si yangu, alifikiri kidogo, akaniambia nitumie ya kwetu. Nikamsomea Fatiha pale pale kwenye kelele, na yeye akaacha kiganja chake juu ya chuma akipima. Akasema kwamba pale ninapoomba njia iliyonyooka ndipo ulipo mkate wake. Nikafanya hivyo miaka mingi, na sikumbuki hata mara moja tulipopishana, mimi na sala yangu na yeye na yake.

Mtu angeweza kumcheka, na mmoja alimcheka. Alikuja mkaguzi na kipimajoto kizuri, akapima beringi, akasema iko sawa. Foremani akaweka mkono, akautoa penye ufalme, akazima. Mkaguzi akatazama saa yake, meneja akamtazama Foremani. Tulipoifungua, tulikuta ufa mwembamba kama unywele umezunguka ndani ya beringi, na grisi imekuwa nyeusi. Kuanzia siku hiyo mkono wa Foremani ukawa sheria machimboni, na yeye mwenyewe nadhani aliipenda sheria hiyo kuliko alivyotaka tujue.

Maana hakuwa malaika. Alidai watu wavae glavu, na yeye hakuvaa. Aliwafukuza waliochelewa dakika tano, halafu akasinzia katika kila kikao, kidevu kifuani, akaamka penye maswali na kuuliza swali lililokwisha kujibiwa. Alisema karatasi ni uongo uliopigwa pasi, lakini mfukoni alikuwa na daftari la matangazo ya kanisa lililoandikwa kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kukosea. Aliimba besi kwaya ya kanisani, na mkewe alisema kwamba wenzake walimpenda hasa akiwa na mafua. Na alikuwa na kiburi cha kutokubali ugonjwa. Homa aliiita uvivu wa damu, na dawa alizipokea kwa heshima na kuziacha dirishani.

Msemo wake niliousikia zaidi ni huu: kuzima si kusimama. Ukibonyeza kitufe chekundu, umeme hukatika mara moja, lakini magurudumu yale huendelea kuzunguka dakika kadhaa kwa uzito wao wenyewe. Aliurudia kwa wageni, kwa madereva wa malori, na kwa mtu aliyemwambia kwamba ameacha pombe jana.

Halafu nikaja mimi na mabadiliko.

Kampuni iliamua kwamba mashine zitasimamiwa kwa mfumo mpya: vihisi vidogo vifungwe kwenye beringi, vipime joto mchana na usiku, na skrini katika kabini ionyeshe kijani, njano au nyekundu. Nyekundu ikitokea, kengele inalia. Nikapelekwa kozi ya kusimamia mabadiliko. Huko tulifundishwa kwamba watu hawachukii mfumo mpya, wanachukia kupoteza walichozoea, na kwamba dawa yake ni kumtafuta mmoja wanayemheshimu, umweke mbele. Nilirudi Voi nimeiva. Mafundi wakanibandika jina, Bwana Mabadiliko, na walilitaja kwa adabu kiasi kwamba sikuweza kulikasirikia.

Kikao cha kwanza nilikiogopa. Niliandaa majibu ya kila pingamizi ambalo Foremani angeleta, nikayaandika kwenye kadi. Nilipomaliza kusema, watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Safari hii hakusinzia. Alisimama, akafuta viganja kwenye suruali.

"Mimi nasema tujaribu," akasema. "Mashine haina mila. Mila ni yetu sisi."

Nusura nimkumbatie. Wiki ile alibeba mwenyewe maboksi ya vihisi kutoka stoo, na alipomwona fundi amekunja uso alimwambia akunjue, Injinia anajua anachofanya. Nilimpenda sana siku zile. Nasema hivyo wazi ili ijulikane kwamba lililofuata halikutoka kwenye chuki.

Kengele ilianza kulia siku ya pili. Ikalia siku ya tatu mara sita. Kitabu cha watengenezaji kilitaja kiwango cha joto, nami nilikiweka kama kilivyo, lakini krasha ilisimama na kusimama, malori yakapanga foleni hadi barabarani, na meneja akaanza kuniita kwa jina langu kamili. Mafundi wakikutana nami waliniuliza tu kama nimelala vizuri.

Nikajiambia kwamba kitabu kile kiliandikwa na watu wa nchi ya baridi, nasi tuko Voi, ambako hata bati la choo huwezi kuligusa saa saba. Nikawa na wazo, na kwenye ripoti niliandika kwamba ni wazo zuri: mfumo ujifunze kwa yule anayeijua mashine. Kengele ikilia, Foremani aende akaweke mkono. Akisema si sawa, tunazima. Akisema sawa, napandisha kiwango nyuzi tatu.

Akaenda, akaweka kiganja, akasali bila haraka, akafika mkate, akapita, akafika Amina. "Sawa," akasema. Nikapandisha. Wiki ile ile ikalia tena, akaenda tena, akafika Amina tena. Nikapandisha. Sikumbuki tulifanya hivyo mara ngapi. Nakumbuka kwamba baada ya miezi miwili kengele ilinyamaza, skrini ikawa kijani kutwa, na meneja akarudi kuniita Injinia.

Siku moja katika siku hizo niliweka mkono wangu mwenyewe, kwa mazoea tu, nikautoa kabla ya kumaliza aya ya pili. Foremani akacheka. "Mikono ya ofisi," akasema. Nami nikacheka, kwa sababu kweli nilikuwa mtu wa ofisi siku hizo. Wakesho naye alikuja mlangoni kwangu jioni moja, akasimama nusu ndani.

"Boss, mbona Foremani anafika Amina na mimi sifiki hata ufalme?"

Nikamuuliza skrini inasema nini. Akasema kijani. Nikamwambia basi.

Mbele ya wakuu wa kampuni nilionyesha picha na michoro, na mwisho nikaeleza desturi ya kusalimia, nikasema kwamba tangu tulete mfumo na grisi mpya, beringi zinafanya kazi kwa ubaridi hivi kwamba hata Foremani sasa anafika Amina. Ndipo waliponipigia makofi. Wakaagiza viwango vyangu vinakiliwe kwenye krasha nyingine mbili za kampuni, moja upande wa Mahoo, nyingine kule Kishushe. Nikaandika pia kanuni mpya kwamba ni marufuku mtu yeyote kugusa mashine inayozunguka. Kanuni hiyo ni nzuri, na mahali popote pengine ningeiandika tena.

Foremani alistaafu miezi miwili baadaye. Tulimchinjia mbuzi, tukampa kiti cha kuegemea na blanketi. Alikunywa chai yake kwenye kikombe kile cha bati, na mtu mmoja kwa utani akasema leo hata kitambaa ametupa. Ni kweli, hakikuwapo. Alikuwa amekishika kikombe kwa kiganja kitupu, kimejaa hadi juu, mvuke unampanda usoni, na alikuwa akizungumza bila haraka ya kukiweka chini. Niliyaona hayo kwa macho yangu na nikaenda kuchukua nyama.

Mwaka huu, baada ya beringi moja ya Kishushe kubadilishwa mapema kuliko kawaida, jambo ambalo tuliisingizia grisi mbovu, niliamua kumwomba Foremani aje awafundishe watu wa huko kutunza beringi. Jumamosi nikapanda Mghange. Nilifika karibu saa sita, ukungu bado haujaachia migomba. Mkewe alinipokea vizuri, akanieleza kabla sijauliza kwamba mzee ana sukari, kidole kimoja cha mguu kimekatwa, na kwamba asijifanye mzima mbele yangu.

Foremani alikuwa jikoni, ameketi kwenye kile kiti tulichompa. Alikuwa amepungua, nguo zimemzidi. Tulisalimiana, tukazungumza habari za mvua na za kwaya. Kisha sufuria ya viazi ikaanza kufurika, naye akainama, akaishika ukingoni kwa mikono miwili, akaitoa motoni na kuiweka chini taratibu. Akaendelea na habari za kwaya. Mimi nilisikia harufu kabla sijaelewa ni ya nini.

"Tumekukataza kushika vitu," mkewe akasema, si kwa ukali, kama jambo la kila siku. Akamgeuza viganja. Ngozi ilikuwa imebabuka, na chini yake kulikuwa na makovu mengine, ya zamani, yamepandana.

"Hasikii?" nikamuuliza.

"Hasikii moto wala baridi. Ganzi ya miguu imekuja juzi, lakini mikono ni zamani. Tangu yuko kazini. Alikuwa anarudi Jumamosi na malengelenge, anasema ni kazi."

Nilimtazama Foremani, naye akatazama viazi. Mkewe alituangalia sisi wawili, akachukua ndoo, akatoka.

"Ulijua?" nikasema.

"Mwanzoni nilifikiria ni beringi imepoa." Akafumba viganja vyake. "Halafu nikajua."

"Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Mkono ndio ulikuwa cheo changu. Na wewe kila kengele ikilia ulikuwa unaniangalia kama mtu ameomba maji. Ulikuwa unataka niseme sawa. Nikasema sawa."

Ilikuwa kweli. Niliona haya, na hofu ikaja nyuma ya haya. Mfumo wangu wote, kijani chote kile, ulikuwa umefundishwa na mkono usiosikia, nami ndiye niliyeshika daftari.

Nikatoka nje penye mtandao, nikampigia Wakesho. Nilisikia krasha nyuma ya sauti yake.

"Wakesho, zima mashine."

"Skrini iko kijani, boss. Nizime nikiandika sababu gani?" Orodha ya sababu niliitunga mimi, na hii haikuwamo.

"Andika jina langu. Zima, halafu ushuke, utoke huko na watu wote. Kuzima si kusimama."

Hakuuliza tena. Nilisikia kitufe, kisha ngazi ya chuma chini ya viatu vyake, kisha akipaza sauti kwa watu. Mngurumo uliendelea. Foremani alikuwa ametoka kwa fimbo, amesimama kando yangu, na simu ilikuwa wazi kati yetu. Tulisikiliza magurudumu yakipungua, na ndani ya mngurumo ule kulikuwa na mkwaruzo ambao umeme ulikuwa umeuficha. Ilichukua muda mrefu. Kisha Wakesho akasema, kutoka mbali, kwamba imesimama, na kwamba beringi ya kushoto inatoa moshi.

"Wewe uko sawa?"

"Niko sawa, boss. Nilikwambia sifiki ufalme."

"Uliniambia," nikasema.

Mahoo walipokea mara moja, wakazima. Kishushe simu haikuingia. Nikajaribu ya msimamizi, ya mlinzi, ya dereva wa shavo la kupakia mawe, na kila mara sauti ile ile ya mama iliyorekodiwa ikaniambia kwa upole kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Huko mtandao hushika juu ya kilima kimoja tu, na watu hukipanda baada ya kazi. Jumamosi huko hufanya zamu moja tu, ya mchana, inayoanza saa nane.

Foremani alikuwa tayari ameketi garini. Mkewe alimletea koti na kitambaa kibichi cha mikono, akamfunga. Tukashuka mlima upande wa pili, tukaacha lami, tukaingia kwenye barabara ile ya mawe na makorongo ambako gari la pili hulioni saa nzima. Niliendesha vibaya na kwa kasi. Hakunikataza. Kila tulipopanda mwinuko nilimpa simu ajaribu, na kwa kuwa vidole vyake havikujua kama vimegusa kioo au la, ilibidi nimbonyezee mimi.

Saa nane ilitukuta bado njiani. Mbele, juu ya vichaka, tuliliona vumbi jeupe la machimbo likipanda, maana yake mashine inatafuna. Foremani akaweka kiganja chake kilichofungwa juu ya dashibodi, akafumba macho, akaanza Baba Yetu, kwa sauti ile ile ya kawaida. Nami nikaanza ya kwangu kimoyomoyo, mguu ukiwa mwisho wa pedali.

Akafika penye ufalme, pale pa kuzima na kuondoa watu, akanyamaza. Nilimgeukia. Mkono ulikuwa umetoka kwenye dashibodi, ameukumbatia kifuani, na macho yake yalikuwa wazi, yanalitazama lile vumbi likiendelea kupanda.